Namna ya Kuiba Shairi la Kiingereza Ukiwa Kariandusi

Umeombwa shairi. Labda mwalimu mkuu analitaka kwa siku ya kutuza wanafunzi. Labda shule inaelekea tamasha la drama na haina cha kukariri. Au binamu yako anaoa, na wazee wameamua shairi liwe la Kiingereza ili wakwe wajue wamefika kwa watu waliosoma. Ulikubali haraka kwa sababu ulipenda walivyokutazama. Sasa ni usiku, uko Kariandusi, malori yanateremka kutoka Gilgil yakielekea Nakuru, na karatasi iko tupu.

Tulia. Kutaka kupigiwa makofi si aibu, na mashairi mengi mazuri yalianzia hapo hapo. Wewe utaiba. Nitakupa njia za mkato ninazoziamini, na ukizifuata, kufikia asubuhi utakuwa na shairi ambalo hakuna atakayekunyang'anya.

1. Jitoe hofu

Unayekwenda kumwibia naye aliiba. Waingereza wa kale walitunga bila vina. Utenzi wao mkuu, Beowulf, una mistari 3,182, na kila mstari umekatwa katikati, vipande viwili vikishikana kwa kurudia sauti zinazoanzia maneno. Aliyelelewa na ukwapi na utao atautambua mkato huo bila kufundishwa. Wanormani walipoiteka nchi mwaka 1066, Kifaransa kikawa lugha ya wakubwa, na vina vikazidi kuingia pamoja nacho. Geoffrey Chaucer, aliyefariki mwaka 1400, aliutoa ufundi wake mwingi kwa Wafaransa na Waitaliano, na bado anaitwa baba wa ushairi wa Kiingereza.

Soneti ni wizi ulio wazi zaidi. Ilizaliwa Sisilia katika karne ya 13, ikapata sifa mikononi mwa Petrarca. Thomas Wyatt alitumwa Italia kwa kazi za mfalme mwaka 1527, na ni yeye aliyeiingiza katika Kiingereza. Mtukufu wa Surrey akaona Kiingereza hakina vina vingi kama Kiitaliano, akaupunguza mzigo: beti tatu za mistari minne, kila moja na vina vyake, kisha mistari miwili ya kufunga. Surrey alikatwa kichwa mwaka 1547. Baadaye akaja Shakespeare, akautwaa mpango wa marehemu, soneti zake 154 zikachapishwa mwaka 1609, na leo kila mwalimu anauita mpango wa Shakespeare.

Kama bado una wasiwasi, kesho nenda kwenye makumbusho hapo chini ya barabara kuu. Louis Leakey alipafikia mahali hapo mwaka 1928, akakuta mashoka ya mkono, mengine yamechongwa kwa mawe meusi ya volkano yanayong'aa. Umri wa mashoka hayo hukadiriwa kati ya miaka 700,000 na milioni moja. Tazama umbo: ncha upande mmoja, mviringo upande wa pili, kingo mbili zinazolingana. Umbo hilo limepatikana Olorgesailie na limepatikana Saint-Acheul kule Ufaransa. Kila mchongaji alilichukua kwa aliyemtangulia, na kila shoka likabaki la mkono uliolichonga. Bahari ya shairi inarithiwa hivyo hivyo. Haina hati miliki. Chukua.

2. Mwibie mwizi

Usianze na mshairi asiyeguswa. Tafuta shairi ambalo tayari limepita mikono kadhaa, kwa sababu hapo utaona jinsi kila mwizi alivyofanya kazi yake.

Nakupa mnyororo bora ninaoujua. Mwaka 1622 askofu Lancelot Andrewes alihubiri Krismasi mbele ya mfalme James, akasimulia ugumu wa safari ya mamajusi: baridi, njia ndefu, wakati mbaya wa mwaka. T. S. Eliot akayachukua maneno ya mahubiri hayo, akayabadilisha kidogo tu, akafungulia nayo shairi lake la mamajusi la mwaka 1927. Kisha David Rubadiri, Mmalawi aliyesoma Makerere na kufundisha huko na Nairobi pia, akaitazama safari ya Eliot akaona msafara mwingine kabisa: Stanley akienda kwa Kabaka Mutesa, mwaka 1875. Ndipo tukapata “Stanley Meets Mutesa”, shairi ambalo vizazi vya wanafunzi wa Afrika Mashariki vimelisoma darasani.

Yaweke mashairi hayo mawili mezani pamoja. Usiharakishe hatua hii, maana humu ndimo utakapojifunza kila kitu. Eliot ana ngamia waliochoka na miji isiyo na ukarimu. Rubadiri ana joto, mbu na wapagazi wanaoanguka njiani. Eliot anafikisha watu wake mahali wasipopaelewa vizuri; Rubadiri anafikisha wake kwenye lango la mfalme, na kabla ya makaribisho anaweka kimya cha mtu anayempima mgeni kwa macho. Shairi la Eliot linaisha msafiri akiwa hana hakika kama alichokishuhudia ni kuzaliwa au kufa. La Rubadiri linaisha mgeni akiingia, na msomaji anayejua yaliyofuata Buganda anashikwa na shaka ile ile. Hiyo shaka ndiyo mali iliyoibwa. Rubadiri aliacha ngamia, akaacha theluji, akaondoka na uti wa mgongo.

Nawe fanya hivyo.

3. Maneno yaache kwao

Ukichukua maneno, umeiba vibaya, na utakamatwa na mtoto wa kidato cha pili mwenye simu. Chukua mifupa. Kuna zana ya kuitolea mifupa na tayari unayo, kwa sababu karatasi ya tatu ya Kiswahili ilikufundisha: andika ubeti kwa lugha ya nathari. Ulidhani ni swali la kutafuta alama nne. Ni ufunguo wa ghala.

Chukua shairi la Kiingereza ulipendalo. Liandike kwa maneno yako ya kawaida, kwa Kiswahili, mstari kwa mstari. Kisha ficha la asili, usilitazame tena. Katika nathari yako weka alama tatu: linapoanzia, linapogeuka, linapotua. Choma vingine vyote. Benjamin Franklin alijifundisha kuandika kwa njia iliyo karibu na hii. Aligeuza makala za gazeti kuwa mashairi, akasubiri azisahau, akazirudisha kuwa nathari.

Sasa jaza mifupa hiyo kwa nyama ya hapa. Usilete theluji. Usilete maua ya manjano ya ziwani Uingereza ambayo babu zetu walikaririshwa shuleni bila kuyaona. Na kwa vile tumeyataja, jua yalikotoka. Dorothy Wordsworth aliyaandika katika shajara yake tarehe 15 Aprili 1802, baada ya matembezi na kaka yake. William alitunga shairi miaka miwili baadaye na kulichapisha mwaka 1807, na kule kucheza kwa maua kwenye upepo kulikuwa tayari kwenye daftari la dada mtu. Njia ya mkato iko hapo: msikilize dada yako. Msikilize mama anayeuza mahindi barabarani, na dereva anayetoka machimboni akiwa mweupe kope hadi viatu kwa vumbi la udongo unaochimbwa hapo. Hao wameona na wamekwisha kusema. Jinsi mtu wa Kikopey anavyomweleza mbuzi anayechomwa inakizidi kivumishi chochote utakachokitafuta kwenye kamusi.

Una ziwa la Elementaita lenye magadi na ndege. Una udongo mweupe ambao ni mabaki ya viumbe vidogo sana vilivyoishi katika maji ya kale, hapa hapa penye mbuzi leo. Msafara wako uko barabarani kila siku ukielekea Nakuru. Mpe Rubadiri heshima yake kwa kuandika safari ya tatu.

4. Gonga meza

Hapa sikio letu linahitaji hila. Katika Kiswahili shadda hukaa karibu kila mara kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, hivyo mtunzi haihangaikii. Anahesabu mizani na kupanga vina. Sheikh Kaluta Amri Abedi alipotoa kitabu chake cha sheria za kutunga mwaka 1954, hayo ndiyo aliyoyashikilia. Chukua mshororo huu nilioutunga sasa hivi: jiwe hili la wahenga, limechongwa kwa makini. Nane na nane, kumi na sita, umemaliza.

Kiingereza hakikubali. Shadda yake inahama, ndiyo maana mtu anaweza kuwa na silabi kumi sawasawa na mstari ukalala chini umekufa. Mstari wao mkuu una silabi kumi na mapigo matano, nyepesi kisha nzito, nyepesi kisha nzito. Usiutafute kwenye vitabu. Utafute stendi. Sema: The bus to Gilgil leaves at half past six. Gonga meza kila sauti inapopanda. Umegonga mara tano. Huo ni mstari timamu, Shakespeare angeuweka mdomoni mwa mtumishi yeyote wa jukwaani, nawe uliusema ukitafuta gari.

Basi andika sentensi kumi za namna hiyo za kununua, kuuza na kulaumu. Zisome ukigonga. Zinazokubali, weka. Zinazokataa, hamisha neno moja. Baada ya saa moja mkono utakuwa unajua na kichwa kinaweza kupumzika.

Kisha vunja moja. Mistari minne iliyonyooka inamlaza msikilizaji. Wa tano uanze na pigo zito ili ashtuke. Wyatt alikuwa na mistari yenye mawe namna hii. Mwaka 1557, alipokuwa amekwisha kufa miaka 15, mchapishaji Richard Tottel alitoa mashairi yake katika mkusanyiko, na mistari ikawa imelainishwa ili mapigo yalingane. Leo wasomaji wengi wanarudi kwenye miandiko ya Wyatt mwenyewe, kwa sababu pale penye mawe ndipo wanaposikia mtu anayesema. Mwenye kukulainishia atakuja. Mwambie asante, uache jiwe lako lilipo.

5. Vina: fanya yote au usifanye lolote

Maneno yetu yanaisha kwa irabu, hivyo vina kwetu ni vya bei nafuu, na mtoto wa Lamu anaweza kukutolea ishirini kabla hujamaliza chai. Kiingereza kina uhaba. Ukilazimisha utaishia kwenye yale maneno marefu yanayoisha kwa “tion”, na hayo ni ya ripoti za kamati. Usiyaguse.

Saa sita ya usiku ikifika na huna vina, vitoe vyote. Usiache viwili vitatu vikining'inia, msikilizaji atadhani umeshindwa njiani. John Milton alitoa Paradise Lost mwaka 1667 bila vina, watu wakanung'unika, na mwaka uliofuata akaongeza maelezo mbele ya kitabu akidai kwamba vina ni kifungo na kwamba yeye amerudisha uhuru wa kale. Jifunze ujasiri huo. Julius Nyerere, alipokuwa akiongoza nchi, alimleta Shakespeare kwa Kiswahili, Julius Caesar mwaka 1963 na Mabepari wa Venisi mwaka 1969, na akaiacha mishororo bila vina kama ilivyo kwa mwenyewe. Ungedhani hakuwa na uwezo? Mwaka 1996 alitoa Injili kwa tenzi, vina na mizani mahali pake. Alijua wapi pa kuvitia na wapi pa kuviacha.

6. Jifiche ndani ya soneti

Mistari 14. Inaingia kwenye ukurasa mmoja, inasomwa kwa dakika moja, na mwamuzi wa tamasha akiiona anakaa wima. Siri yake iko kwenye mgeuko: unasema jambo kwa mistari minane au kumi na miwili, kisha unasema “lakini”. Ukikosa la kusema baada ya “lakini”, bado huna shairi, rudi kwenye mifupa. Ukilipata, mistari mingine itajipanga nyuma yake yenyewe.

7. Tumia ruhusa uliyopewa

Uhuru wa mshairi unaujua: inkisari, mazida, tabdila, kuboronga sarufi. Waingereza nao walifupisha maneno kwa alama ndogo juu, wakapindua sentensi ili kitenzi kiangukie kwenye kina. Wewe ruhusa hii itumie mara moja katika shairi zima, mahali panapouma zaidi. Mara mbili, watakuona unatafuta nafasi.

8. Mtego wa shairi huru

Utashawishika. Utasema, mbona nisikate nathari vipande vipande nikalale? Nakusihi, usidanganyike kwamba hiyo ndiyo njia fupi. Ndiyo ndefu kuliko zote.

Euphrase Kezilahabi alipotoa Kichomi mwaka 1974, wanamapokeo walisema huo si ushairi, na mabishano yakaendelea kwa miaka. Mwaka mmoja kabla yake Abdilatif Abdalla alikuwa ametoa Sauti ya Dhiki, tungo alizoziandika kifungoni kati ya 1969 na 1972 kwenye karatasi za chooni, akishika arudhi za kwao Mombasa. Nawapenda wote wawili na sitakuchagulia. Ila angalia kazi iliyofanywa. Mfungwa asiye na daftari anahitaji umbo ambalo kichwa kinaweza kulibeba, na vina na mizani vimekuwa vikibeba tungo vichwani mwa watu tangu kabla ya malenga Muyaka. Kezilahabi naye, alipoviondoa, ilimlazimu kila mstari aupe sababu nyingine ya kuishia ulipoishia. Wewe unayo sababu hiyo? Soma mstari wako kwa sauti, usimame mwishoni. Kama kusimama hakujaongeza kitu, hujakata shairi, umekata karatasi.

Ikiwa lazima uende huko, mwibie Okot p'Bitek. Aliitunga Wer pa Lawino kwa Kiacholi, akaigeuza mwenyewe kuwa Song of Lawino mwaka 1966, na kwa Kiingereza akaacha vina. Shairi halikuanguka kwa sababu alibakisha marudio: Lawino anamwita mumewe tena na tena, na ile methali ya maboga ya nyumba ya zamani inarudi. Kwetu hicho ni kibwagizo. Walt Whitman aliliona jambo hilo upande wake mwaka 1855, akianza mstari baada ya mstari kwa maneno yale yale, kama zaburi zinavyofanya. Tafuta sentensi moja ambayo watu wa Kariandusi wanaisema kila siku, irudishe mara nne, na kila ikirudi iwe imebeba maana nzito zaidi. Utakuwa umeficha nguzo ndani ya ukuta.

9. Kiri kabla hujaulizwa

Chini ya kichwa cha shairi andika: kwa kumfuata David Rubadiri. Au Wyatt. Au yeyote uliyemwingilia. Maneno hayo machache yanakuondolea kesi, na papo hapo yanaonyesha kwamba umesoma. Wenye majivuno huogopa kufanya hivi wakidhani yatawapunguza, na hapo wanakosa raha mbili kwa mpigo. Shaaban Robert alipotoa Omar Khayyam kwa Kiswahili mwaka 1952 jina la mwenyewe liliwekwa juu kabisa, ingawa kilichomfikia kilikuwa kimepita kwa Edward FitzGerald, Mwingereza aliyemchukua Mwajemi kwa uhuru mkubwa mwaka 1859, na ambaye kitabu chake mwanzoni kilikosa wanunuzi hadi kikatupwa kwenye sanduku la vitabu vya peni moja. Hakuna aliyemwona Shaaban mdogo kwa kumtaja Khayyam.

10. Siku yenyewe

Soma kwa sauti yako ya kila siku. Lafudhi ya kuigiza itakuvunjia mapigo uliyoyagongea meza usiku kucha. Simama kidogo mwishoni mwa mstari, simama zaidi kabla ya “lakini”. Ukimaliza, kaa. Usieleze ulimaanisha nini.

11. Nawe ukiibiwa

Itatokea. Muhula ujao utakwenda kwenye tamasha na utamsikia msichana wa kidato cha pili kutoka Mbaruk akikariri safari yako. Atakuwa ameondoa malori yako akaweka punda wa maji, ameondoa vumbi jeupe akaweka vitunguu, na mgeuko utakuwa pale pale ulipouweka. Kabla hujakasirika, sikiliza kama kachukua maneno au mifupa. Kama ni maneno, mvute kando baada ya matokeo, umfundishe kwa upole hatua ya tatu. Kama ni mifupa, sogea kiti cha mbele na uwe wa kwanza kupiga makofi, kisha umuulize ni nani mwingine anapanga kumwibia, maana huenda amempata mzuri ambaye wewe hujamsoma.